Kengele ya Mlango Isikike Hadi Darini: Mwongozo kwa Nyumba za Mawe za Lamu

Nyumba ya mawe ya Mkomani, mtaa wa Lamu, ilijengwa ili mpita njia asimwone wala asimsikie aliye ndani. Kuta za matumbawe na chokaa zina unene wa nusu mita hivi, tekani (ukumbi wa kuingilia) ina kona, na mlango wa ndani haukabiliani na wa nje. Mpango huohuo unaositiri mazungumzo ya ndani ndio unaoimeza sauti ya kengele. Mgeni anabonyeza kitufe akiwa dakani (kibarazani mbele ya mlango), kengele inalia tekani, na waliokaa msana wa juu, ukumbi mrefu unaotazama ua wa ndani, hawana habari. Anapiga hodi mara tatu kama ilivyo desturi, haitikiwi, anakwenda zake. Kesho yake unaambiwa fundi wa maji alikuja na hakukukuta, na wewe ulikuwa nyumbani siku nzima.

Wengi wakifika hapo hukimbilia dukani kutafuta kengele yenye makelele zaidi. Usianzie huko. Kwa nyumba za hapa, waya husafiri vizuri kuliko sauti. Kengele ya kawaida iliyofungwa mahali pake na kupata umeme wake kamili husikika kuliko king'ora kilichofungiwa tekani. Kwa hiyo kwanza rudisha nguvu ya kengele uliyo nayo, kisha ihamishe, kisha uongeze ya pili. Gongo, ile kengele kubwa ya sahani ya chuma, ni la mwisho kabisa, na nyumba nyingi hazitalihitaji.

Jua kwanza una kengele ya aina gani

Zima stima kwenye swichi kuu. Fungua kifuniko cha kengele usome kibandiko chake. Kikisema volti 8, 12 au 24, basi mahali fulani nyumbani kuna transfoma ndogo inayopunguza stima ya volti 240. Itafute: huwa ndani ya boksi la breka, au imefungwa ukutani karibu nalo.

Kibandiko kikisema 220 au 240, kengele yako inakula stima ya moja kwa moja, na hiyo stima inapita kwenye kitufe kilichoko nje. Hapa sitazunguka: hali hiyo isiachwe. Kitufe cha dakani hupigwa na mvua ya masika na hewa ya chumvi, na kinachokibonyeza ni kidole cha mtoto aliyetoka kuoga baharini. Kabla ya kufikiria sauti, mwite fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya) aweke transfoma ya kengele, na ubadilishe kengele iwe ya volti ndogo. Ukinunua transfoma, tafuta iliyoandikwa 61558-2-8. Hicho ndicho kiwango cha kimataifa cha transfoma za kengele, na maana yake ni kwamba umeme wa nyumba na ule wa kengele vimetengwa kabisa ndani yake. Upande wa volti 240 ni kazi ya fundi. Upande wa volti ndogo waweza kuufanya mwenyewe, na mengi ya hapa chini yanahusu upande huo.

Ifungue uitazame kwa utulivu

Kengele ya ding-dong ni chombo chepesi kukielewa. Ndani mna koili ya waya wa shaba, na katikati ya koili mna pini ya chuma inayoteleza. Ukibonyeza kitufe, koili inaivuta pini inapiga kibao cha kwanza: ding. Ukiachia, springi inairudisha inapiga kibao cha pili: dong. Ukijua hilo, kengele yenyewe inakuambia inaumwa wapi. Ikivuma bila kupiga, umeme haufiki wa kutosha au pini imekwama. Ikitoa ding peke yake, pini hairudi. Ikitoa sauti butu, ya kama kugonga sahani yenye wali, kibao kinagusa kitu.

Chomoa pini taratibu, usiipoteze springi. Katika nyumba iliyo karibu na bahari utakuta imevaa koti la vumbi lililochanganyika na chumvi, gumu kidogo, la rangi ya kijivu. Mara nyingine mjusi ametaga humo. Futa pini kwa kitambaa kilicholowa spiriti, na usafishe tundu la koili kwa kijiti chenye pamba. Usitie mafuta, hata kidogo, wala ya cherehani. Mafuta hunata vumbi, na baada ya miezi michache pini itakuwa nzito kuliko mwanzo. Iache kavu. Ukiinamisha koili, pini iteleze kwa uzito wake wenyewe.

Sasa vibao. Kila kibao hukaa juu ya vipira vidogo viwili, na vipira hivyo havikuwekwa ovyo. Chuma kinapogongwa kina sehemu mbili zisizotikisika, kila moja kama robo ya urefu, kasoro kidogo, kutoka ncha yake, na ni hapo tu kinapoweza kushikwa bila kunyamazishwa. Joto la pwani hufanya vipira vikauke na kuvunjika, kibao kikashuka kikagusa plastiki ya boksi. Kingine hukazwa skrubu na mtu mwenye nia njema mpaka kikashindwa kupumua. Legeza, badilisha vipira, hakikisha kibao kinaning'inia huru. Kigonge kwa ukucha: mlio uendelee kwa sekunde moja au mbili. Ukikatika papo hapo, bado kinaguswa.

Tazama pia kama aliyetangulia alibandika kipande cha gundi au kitambaa kwenye kibao kuipunguza sauti kwa sababu ya mtoto mchanga. Hutokea sana, na mtoto huyo sasa yuko darasa la sita.

Mwisho, angalia kama boksi limekaa wima kwa pima maji. Pini nyingi zimetengenezwa ziteleze katika mwelekeo mmoja tu, na boksi lililopinda huzifanya zikwaruze.

Kitufe

Kichunguze hata kama unadhani ni kizima. Fungua skrubu, kivute nje, uangalie sehemu zinazogusana ndani. Ukiona kutu ya kijani, umeme unapita kwa shida. Njia ya kuhakikisha ni rahisi kwenye volti ndogo: washa stima, gusanisha nyaya mbili za kitufe moja kwa moja. (Hii ni kwa kengele za transfoma peke yake. Kwa kengele ya volti 240 usithubutu.) Kengele ikilia kwa nguvu kuliko ilipokuwa inabonyezwa, kitufe ndicho mgonjwa.

Waweza kukisugua kwa msasa laini na kupaka vaselini nyembamba kwenye skrubu za nyaya kuzuia chumvi. Lakini kitufe ni kitu cha bei ndogo. Nashauri ununue kipya chenye alama ya IP65, ambacho vumbi na maji ya mvua haviingii, chenye skrubu za shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu.

Usikifunge kwenye fremu ya mlango wa kuchonga. Fundi aliyechonga maua yale hayupo tena wa kuja kuziba tundu lako. Ukuta wa ndani wa daka, pembeni, unatosha, na hapo mvua haifiki sana. Mji wa Kale wa Lamu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo kabla ya kutoboa ukuta unaoonekana njiani, pita kwanza Makumbusho uwaulize.

Pima volti kengele inapolia

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayofumbua mambo mengi. Chukua mita ya kupimia umeme, iweke kwenye volti za AC (umeme geu, kama wa stima ya nyumbani), gusisha ncha zake kwenye skrubu mbili za kengele. Mtume kijana ashuke abonyeze kitufe na asikiachie. Soma namba hapohapo. Usipime kengele ikiwa kimya, kwa kuwa transfoma hata dhaifu huonyesha volti nzuri isipokuwa na kazi.

Kengele ya volti 8 ikisoma 7 na ushei, sawa. Ikisoma 5, umepata sababu. Nguvu ya koili haipungui sambamba na volti: hufuata mraba wake. Yaani 5 kwa 8 ni kama asilimia 60, lakini pini inapiga kwa asilimia 40 tu ya nguvu yake. Ndiyo maana kengele inasikika kama inaogopa.

Volti hupotelea wapi? Mara nyingi kwenye waya. Nyumba nyingi zimefungwa kengele kwa waya wa simu au wa alamu, ule mwembamba kama uzi wa mshipi, kwa kuwa hujificha vizuri. Tuchukue nyumba ya ghorofa mbili, ambapo mzunguko mzima kutoka transfoma hadi kitufe, hadi kengele na kurudi, ni mita 60. Waya wa shaba wa 0.22 mm² una ukinzani wa karibu omu 4.7 kwa urefu huo. Kengele ya volti 8 inayovuta ampea 1 ina omu 8 hivi. Gawanya, utaona kengele inabakiwa na volti 5 tu. Badilisha waya uwe wa 0.5 mm², inapata 6.4. Uwe wa 1.5 mm², ukinzani hushuka hadi omu 0.7 na kengele inapata 7.4. Makadirio haya yanatosha kufanyia uamuzi: kwa nyumba ndefu nunua waya wa 1.0 au 1.5 mm², uleule wa taa.

Kama waya ni mnene na volti bado iko chini, tazama transfoma. Iliyoandikwa 8 VA (yaani volti mara ampea) kwa volti 8 inatoa ampea 1, basi. Transfoma nyingi zina skrubu tatu zinazotoa volti 4, 8 na 12 kulingana na mbili utakazochagua. Si ajabu kukuta kengele ya 8 imefungwa kwenye 4. Kibandiko cha kengele kikisema 8–12, hamishia 12 na utasikia tofauti mara moja. Kikisema 8 peke yake, usiongeze. Koili itaungua siku mtoto akiegemea kitufe.

Ihamishe iende kiwandani, yaani ua wa ndani

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kengele nyingi hufungwa tekani kwa sababu ndipo waya unapoingilia. Lakini tekani ni chumba kidogo chenye kuta nne za mawe, na sauti ikitoka humo sharti ikunje kona kwanza. Mahali pa kengele ni kiwanda. Kiko wazi kutoka chini hadi angani, misana inakitazama, ngazi ziko jirani, na kila ghorofa ina dirisha au uwazi unaokielekea. Kengele ikilia juu kidogo ya usawa wa kichwa, chini ya ukingo wa ghorofa ya kwanza ambapo mvua haipigi, aliye jikoni anasikia na aliye juu anasikia.

Kama nyumba yako haina kiwanda, tumia ngazi. Zipande na kuzishuka huku mtu anapiga makofi sehemu mbalimbali, uchague pale yanaposikika vizuri nyumba nzima. Ni kipimo cha bure na hakidanganyi.

Usiifiche ndani ya kidaka, kile kishubaka cha ukutani. Najua inapendeza humo, na mafundi wengi wanaombwa waiweke humo, lakini kidaka na plasta yake huielekeza sauti upande mmoja, na kikijazwa vyombo vya kaure na vitambaa ndiyo basi. Usiitie nyuma ya pazia. Usifunge kengele moja kwa moja kwenye chokaa pia: chokaa laini haitikisiki na haisaidii. Chukua ubao mkavu wa sentimita 30 kwa 40, unene wa sentimita 1 na nusu hivi, ufunge kengele juu yake, na ubao uachwe nafasi ndogo na ukuta kwa vipande vya mbao kwenye pembe nne. Ubao utatikisika pamoja na kengele na kuongeza uzito kwenye sauti, hasa ile dong ya chini.

Kutoboa matumbawe kunataka subira. Tumia drili bila kupiga nyundo, kwa mwendo wa polepole, kwani jiwe lina mashimo na chokaa ya zamani hubomoka kwa mapande. Plagi ya plastiki hulegea humo. Toboa tundu kubwa kidogo, gongomea kipande cha mbao ngumu kilichochongwa, kisha skrubu iingie kwenye mbao. Waya usichimbiwe ukutani. Upitishe juu, ubavuni mwa boriti, ufungwe kwa klipu za plastiki. Boriti za mkoko tayari zina mistari yao ya kivuli, na waya wa kahawia utapotea humo. Usiupitishe pamoja na waya za volti 240 katika paipu moja.

Kengele ya pili

Kengele mbili sehemu moja hazisaidii sana: sauti mbili sawa huongeza desibeli 3 tu, ambazo sikio halizitambui kirahisi. Kengele mbili sehemu mbili ni jambo jingine kabisa. Ya kwanza kiwandani, ya pili juu, karibu na wanakokaa watu wengi mchana, au karibu na chumba cha bi mkubwa asiyeweza kushuka ngazi kuuliza nani kaja.

Zifunge sambamba, kamwe usizipange moja nyuma ya nyingine, maana zitagawana volti na zote zitalia kwa unyonge. Waya mmoja wa transfoma uende kwenye kitufe. Kutoka kitufe, uende kengele ya kwanza na pia kengele ya pili. Waya mwingine wa transfoma uende moja kwa moja kwenye kengele zote mbili. Jumlisha mahitaji yao: kengele mbili za ampea 1 kwa volti 8 zinahitaji VA 16, kwa hiyo transfoma ya VA 8 haitoshi tena, nunua ya 24. Pima tena volti kwenye kila kengele, zote zikilia.

Kwa mzee, fikiria aina ya sauti pamoja na ukubwa wake. Uzee huondoa kwanza sauti nyembamba za juu. Kengele za kielektroniki zinazolia kwa mlio mkali kama wa mbu huumiza masikio ya vijana na hazimfikii bibi. Ding-dong ya vibao virefu, au kengele ya shaba yenye mlio mzito, humfikia hata kama kipimo chake cha desibeli ni kidogo. Ukitaka uhakika zaidi, funga taa ndogo ya volti ileile sambamba na kengele ya chumbani mwake. Asiposikia ataona.

Gongo, na wenye dari la makuti

Yupo anayelala na kushinda darini, chini ya makuti, miezi ya kusi. Upepo ule huondoka na sauti yoyote, na kengele ya kiwandani haitamfikia. Weka kwanza kengele ya tatu hukohuko juu. Ikishindwa, ndipo linapokuja gongo la shule, lenye sahani ya chuma ya inchi 6.

Gongo la volti 12 hufungwa kama kengele nyingine, mradi transfoma inalimudu. La volti 240 linahitaji relei, swichi inayowashwa na umeme mdogo: koili ya relei hufungwa pale palipokuwa kengele, kwa volti ndogo ya AC ileile, na mguso wake ndio unaowasha gongo. Kwa njia hiyo kitufe cha dakani hakioni volti 240 hata kidogo. Kazi hiyo mpe fundi mwenye leseni, na mwambie aweke relei na viungo vyote ndani ya boksi lisiloingiza maji.

Halafu wakumbuke majirani. Panapokuwa na wikio (jengo linalovuka juu ya njia), nyumba yako na ya jirani zinashiriki kuta na hata vyumba juu ya njia, na gongo lako litawainua wao saa ya kulala mchana. Kabla ya kununua, isikilize kengele yao. Chagua mlio usiofanana, la sivyo kila mgeni wako atawashusha wao ngazi.

Kujaribu na kutunza

Usijaribu asubuhi ya kimya milango yote ikiwa wazi. Jaribu jioni, jiko linafanya kazi, feni zinazunguka, redio imewashwa, milango ya vyumba imefungwa. Kila mtu akae chumbani kwake, mmoja abonyeze mara moja tu, kwa muda wa kawaida wa mgeni mwenye haya. Asiyesikia aseme. Mara nyingi ni chumba kimoja tu kinachobaki kiziwi, na dawa yake huwa ni kuisogeza kengele ya pili mita mbili au tatu.

Stima ikikatika, kengele ya transfoma hunyamaza. Mwenye betri ya sola ya volti 12 asiiunganishe hivihivi: koili iliyotengenezwa kwa AC huvuta mkondo mkubwa zaidi ikipewa DC (umeme wa betri), na hupata moto upesi. Soma kibandiko. Kikiruhusu AC na DC zote mbili, sawa, na weka fyuzi ya ampea 2 karibu na betri.

Kila mwaka kabla ya mvua za masika, fungua kitufe, futa, paka vaselini upya, kaza skrubu. Fungua kengele uipanguse pini kwa kitambaa kikavu. Chora mchoro mdogo wa nyaya, uandike breka inayozima transfoma na volti ulizopima siku ya kwanza, uubandike upande wa ndani wa kifuniko cha kengele. Fundi atakayekuja baada ya miaka mitano ataanza na namba hizo badala ya kuchimba ukuta.